Benchi la Watu Sita

Kila Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, fundi seremala aliyeitwa Msasa alifungua mlango wa nyuma wa jengo la zamani la Usajili, akatundika shati lake safi kwenye msumari, akavaa lile kuukuu, akafungua kopo la nta kwa bisibisi. Kisha akapiga magoti mbele ya benchi na kuanza kusugua. Alianzia kushoto, kwa sababu mwanga wa dirisha ulitokea kushoto.

Jina la Msasa hakulipata kwa kazi yake. Alilipata kwa ulimi wake. Mtu akikaa naye nusu saa huondoka amelainika au amechubuka.

Walikuwa watu kumi na mmoja waliojitolea kulitunza lile jengo, wengi wao wastaafu, na kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu ambaye hata wajukuu zake walimwita Mwalimu. Wizara iliwapa ufunguo, makopo ya nta na kadi za maelezo za kuwasomea wageni. Kila mmoja alijichagulia kitu kimoja cha kukilea. Muuguzi mstaafu alichukua ngazi. Aliyekuwa tarishi wa posta alichukua vitasa vya shaba. Msasa alichukua benchi la ukumbi wa kusubiria, lililotazama dirisha la karani, dirisha lililofungwa miaka arobaini na tisa iliyopita, ofisi ilipohamia jengo jipya.

Kadi ya benchi ilisema hivi: "Benchi hili la mbao ngumu, lenye nafasi ya watu sita, lilitumiwa na wananchi kupumzika wakati wakisubiri kuhudumiwa." Msasa aliishia darasa la tano, na kusoma mbele za watu kulimtoa jasho, kwa hiyo mkewe alimsomea ile kadi jioni tatu mfululizo huku yeye akipiga randa, mpaka ikamkaa kichwani. Aliitamka bila kuamini hata neno moja zaidi ya "mbao ngumu".

Palikuwa na utaratibu mwingine. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kila mlezi alikipima kitu chake, akaandika kipimo kwenye daftari la vitu, na mbele yake, kwenye safu ya hali, akaandika "iko sawa". Msasa alilipima benchi mwezi wa kwanza, akapata mita mbili na robo. Baada ya hapo akawa anainakili ile mita mbili na robo kutoka ukurasa wa nyuma. Aliona hakuna sababu ya kulisumbua benchi. Wenzake nao walinakili vya kwao, ila hilo hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ndiyo maana haikujulikana lilianza lini. Lilikuja kugunduliwa Jumamosi moja ya mvua, Mwalimu alipotaka kufunga mlango wa korido ili maji yasiingie, mlango ukagoma. Aliusukuma kwa bega. Akainama kutazama. Kilichouzuia ni ncha ya benchi.

"Msasa," aliita. "Benchi hili mwezi uliopita uliandika mita ngapi?"

"Mbili na robo."

"Ulipima?"

Msasa alikuwa na kasoro zake, lakini kumdanganya mtu usoni hakukuwamo. "Sikupima. Benchi litaenda wapi, Mwalimu?"

Mwalimu alilitazama tena. "Limeenda mlangoni," alisema.

Walileta tepu. Lilikuwa mita saba na nusu, nafasi za watu ishirini. Msasa alitambaa chini yake kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta kiungo, kwa sababu hakuna mbao ya urefu ule isiyo na kiungo. Hakukiona. Nyuzi za mbao zilikwenda moja kwa moja kama maji ya mfereji. Kilichomfanya avue kofia ni kingine. Kila nafasi mpya ilikuwa na mbonyeo, ule mbonyeo wa mahali palipokaliwa sana, na ukingo wa mbele ulikuwa umelika na kung'aa. Mbonyeo wa namna ile haufanywi na fundi yeyote. Unafanywa na nguo za watu kwa miaka thelathini. Alipitisha kiganja juu yake. Ulikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Siku hiyo hiyo wakajua linavyofanya. Kulikuwa na kamba ya kuzuia wageni wasikae, lakini Msasa hakuwahi kuijali. Aliingia mzee mmoja, dereva wa malori wa zamani, magoti yamechoka, akasimama mbele ya kamba akiomba kwa macho tu. Msasa akaishusha.

"Kaa, mzee. Benchi halina mayai."

Mzee akakaa. Alilisikiliza lile neno la kadi mpaka mwisho, lile la wananchi kupumzika, akatikisa kichwa taratibu. "Hapa nilikaa siku kumi na moja," alisema. "Nilifuata cheti cha kifo cha marehemu mke wangu. Waliniambia nimlete mwenyewe aje athibitishe."

Benchi likajinyoosha. Ilisikika sauti ndogo, kama ya mtu aliyekaa sana anaponyoosha mgongo, na harufu ya mbao iliyopasuliwa leo ikajaa ukumbini. Upande wa mlangoni palikuwa pameongezeka nafasi moja, pamebonyea tayari. Mzee alipatazama, akasema ndiyo, pale ndipo alipokaa. Alishukuru, akaomba aelekezwe choo.

Waliojitolea walifanya kikao kifupi juu ya ngazi. Tarishi alipendekeza waiandikie wizara. Muuguzi aliuliza nta itatosha siku ngapi. Mwalimu akakata shauri: daftarini waandike kipimo cha kweli, na Msasa asugue na hizo nafasi mpya, maana nazo ni za benchi.

Habari ilienea yenyewe. Watu wakaanza kuja, kwanza Jumamosi, kisha kila siku, na Mwalimu akawawekea utaratibu: kadi inasomwa kwanza, halafu mtu anakaa, halafu anasema. Hawakusema mengi. Siku nne, cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyeanza shule bila cheti. Wiki tatu, jina lililokosewa herufi moja. Siku moja tu, lakini kwa mguu kutoka mbali, na kurudi kwenye mvua. Kila aliyesema ukweli aliongeza nafasi. Jamaa mmoja mwenye suti alikaa akadai alisubiri miaka miwili, na benchi halikutikisika. Akashusha hadi miezi miwili. Kimya. Alipofika siku tatu, likajinyoosha. Hakuna aliyemcheka isipokuwa Msasa.

Benchi lilipita koridoni, likatoka mlango mkuu, likashuka ngazi za mbele kipande kwa kipande, kila ngazi na miguu ya kimo chake, bila nafasi hata moja kuinama. Likashika barabara ya maduka. Likapita mbele ya duka la fotokopi, kinyozi na duka la dawa, na wenye maduka wakasogeza mabango yao. Kinyozi alifurahi, kwani wateja wake sasa walikuwa na pa kusubiri. Kwenye njia panda, miguu yake ilirefuka mpaka lori likapita chini. Watu waliokuwa na zamu ya kukaa hapo walipandishwa kwa ngazi ya fundi umeme, wakasema yao huko juu, wakashuka. Manispaa ilituma mtu kupima kimo, akaweka kibao cha kuwaonya wenye malori.

Msasa ndiye alikuwa wa kwanza kuona linakoelekea. Kusugua kulimchukua kuanzia asubuhi hadi alasiri, na siku moja aliposimama mwisho wa benchi akinyoosha kiuno, alitazama mbele kama anavyotazama ubao kujua kama umenyooka. Mbele, mwisho wa mstari ule, ulikuwa mlango wa kioo wa jengo jipya la Usajili.

Kuanzia siku hiyo alianza kumsumbua dada yake.

Dada yake Msasa alikuwa fundi cherehani mwenye miaka hamsini na minane. Alipokuwa na miaka tisa, baba yao alifariki, na mama yao alikwenda jengo la zamani kufuata hati ya kiwanja walichokuwa wakiishi. Alikwenda na mtoto wa kike mkononi na Msasa mgongoni. Walikaa benchini siku kumi na tisa. Siku ya ishirini waliikuta ofisi inahama, mafaili yanapakiwa kwenye gari, na karani akamwambia mama asihofu, faili lake liko njiani. Kiwanja kilipata mwenyewe mwingine mwaka huohuo. Mama alifia chumba cha kupanga. Dada akarithi kikaratasi cha foleni, namba arobaini na moja, na kila mwaka, mwezi uleule, alikwenda jengo jipya na kukionyesha dirishani. Kila mwaka aliambiwa kwa heshima kwamba faili liko njiani. Kutoka jengo la zamani hadi jipya ni mwendo wa dakika tano.

Hakutaka hati kwa ajili ya kujenga. Alitaka jina la mama yake lisomwe kwa sauti na mtu mwenye mhuri. Hilo tu. Alishamwambia Msasa kwamba akifa kabla halijasomwa, asithubutu kumwandikia kaburini kuwa amepumzika.

"Njoo ukae, dada," Msasa alimwambia. "Wenzako wote wamekaa."

"Mimi nilishakaa," Dada alijibu, mguu haujatoka kwenye cherehani. "Nikikaa tena nitakuwa nimekaa mara mbili kwa faili moja."

"Benchi linakwenda kwenye dirisha lao."

"Liende. Likifika lisubiri kama sisi."

Msasa, aliyewachubua watu mji mzima, mbele ya dada yake alichukua kopo lake tu. Alirudi kwenye nta.

Benchi lilipopita nusu ya njia, wizara ilimtuma Afisa wa Mambo ya Kale. Alikuwa kijana mpole, amebeba orodha rasmi, na orodha ilisema: benchi moja, mbao ngumu, mita mbili na robo. Hakubisha kwamba benchi ni refu. Alichosema ni kwamba urefu huo hauna kibali. Akamwomba Msasa, kwa kuwa ni fundi na ni mlezi wa benchi, alete msumeno alirudishe kwenye kipimo chake.

Msasa alileta msumeno. Watu walikuwa wamekaa kuanzia ukumbini hadi duka la dawa, maana ilikuwa Jumamosi.

"Nionyeshe pa kukata," alisema.

Afisa alichukua chaki, akainama ukumbini baada ya nafasi ya sita. Bibi aliyekaa nafasi ya saba akamtazama. Hapo ni pangu, mwanangu, alisema, siku nane. Afisa akasogea ya nane. Hapo napo palikuwa pa mtu. Akaendelea, chaki mkononi, koridoni, nje, ngazini, barabarani, na kila alipoinama aliambiwa kwa upole ni pa nani na ni siku ngapi. Msasa alimfuata nyuma na msumeno begani. Walipofika mwisho wa benchi, afisa alikuwa hajaweka alama popote, na jua lilikuwa kali.

"Nafasi hii ya mwisho ni ya nani?" aliuliza.

"Mwenyewe ameshasema, ameenda zake," Msasa alisema. "Kaa."

Afisa akakaa. Alifuta jasho. Bila kuombwa, alisema kwamba yeye anasubiri barua ya kuthibitishwa kazini mwaka wa nne sasa. Benchi likajinyoosha pembeni yake. Alilitazama kidogo, akaivunja chaki vipande viwili, akavitia mfukoni. Wiki hiyo aliiandikia wizara akiomba orodha irekebishwe. Barua yake iko wizarani.

Miezi ikapita. Benchi lilifika kwenye ngazi za jengo jipya, likapanda, likaingia mlango wa kioo, likavuka ukumbi wenye kiyoyozi. Halafu, likiwa limebakiza hatua moja kulifikia dirisha la karani, likasimama. Watu wa kusema walikuwa wamekwisha. Waliobaki walikuwa wamekufa, au wamehama, au walikuwa na haya. Makarani walilizoea. Asubuhi waliliruka, mchana waliweka juu yake vikombe vya chai, na Msasa akaja kuondoa alama za vikombe kwa nta.

Jumamosi moja, wote waliowahi kusema walirudi kukaa, na benchi lote lilikuwa limejaa, kutoka dirisha lililofungwa hadi karibu na dirisha lililo wazi. Msasa alianza kusugua saa moja. Alipopanda ngazi ya fundi umeme pale njia panda, alitazama pande zote mbili. Watu zaidi ya elfu walikuwa wamekaa, wazee kwa vijana, mikono mapajani, na mbao chini yao iking'aa kama ina taa ndani. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Malori yalisimama yenyewe. Kinyozi alizima mashine. Msasa alisikia kitu ambacho kwanza alidhani ni upepo, kisha akaelewa ni watu elfu moja wanavuta pumzi pamoja, kwa subira, kama walivyovuta zamani kila mmoja peke yake. Kitambaa kilimdondoka mkononi. Alikaa huko juu muda mrefu kabla ya kushuka kukiokota.

Mwezi wa Dada ukafika. Alivaa gauni lake la heshima, akakitia kikaratasi kwenye pochi, akaenda jengo jipya kama kila mwaka. Hakupitia jengo la zamani. Msasa alikuwepo ukumbini na kopo lake, lakini hakumwita.

Dada alisimama dirishani. Karani alikuwa mtu mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuulizia faili la mama yangu."

Karani aliisoma ile namba, akapekua kitabu kikubwa, akatazama kompyuta pia ili kumridhisha. "Ningependa sana kukusaidia, mama," alisema. "Lakini faili bado liko njiani."

"Njia gani?"

"Hiyo ya kutoka jengo la zamani."

Dada aligeuka. Nyuma yake njia hiyo yote ilikuwa na benchi, bila pengo, dakika tano za mbao. Hapakuwa na faili juu yake wala chini yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesimama tangu asubuhi na miguu ilikuwa imechoka, akakaa.

"Siku kumi na tisa," alisema, bila kumtazama mtu. "Mama, na mimi, na huyu mgongoni."

Benchi likajinyoosha hatua yake ya mwisho na kugusa ukuta chini ya dirisha. Msasa alisogea na kitambaa, kwa sababu nafasi mpya ni kazi yake. Akapiga magoti. Mibonyeo ilikuwa miwili, mkubwa na mdogo, imeshikana. Ule mkubwa haukuwa katikati ya ubao kama ya watu wengine. Ulikuwa mbele kabisa, ukingoni, kama wa mtu aliyekaa nusu. Na egemeo nyuma yake halikuwa limelika hata chembe. Lilikuwa na ukali wa mbao mpya.

Fundi asingeweza kukosa kuelewa. Mama mwenye mtoto mgongoni haegemei. Alikuwa amekaa siku kumi na tisa ukingoni mwa benchi, mgongo wima, ili mtoto asibanwe.

Msasa aliweka kiganja juu ya lile egemeo lisiloguswa. Lilikuwa na joto. Akalisugua nta, polepole, akianzia kushoto.

Dada alikuwa amehamia kwenye ule mbonyeo mdogo, ingawa hakumtosha.

"Msomee jina," Msasa alimwambia karani.

Karani alieleza kwamba bila faili hana jina la kusoma. Alisema kwa huruma ya kweli. Saa tisa na nusu ilipogonga, akafunga dirisha, maana ndiyo saa ya kufunga.

Mlango wa ofisi ya karani nao ukagoma kufungika, kwa kuwa ncha ya benchi ilichukua kona yake. Uongozi ulimwomba Msasa apunguze. Alileta msumeno, akaupunguza mlango. Wizara nayo ilileta kadi mpya, imechapwa vizuri, kwenye karatasi ngumu. Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya wote kumi na mmoja: "Benchi hili la mbao ngumu, lenye nafasi ya watu elfu moja na kumi na tatu, lilitumiwa na wananchi kupumzika wakati wakisubiri kuhudumiwa." Aliirudisha ndani ya bahasha, kisha akamkabidhi Msasa, kwa sababu benchi ni lake.

Dada hakurudi tena mwaka uliofuata, kwa kuwa hakuacha kuja. Kila siku ofisi inapofunguliwa huja na nguo za kushona kwa mkono, akakaa penye mbonyeo mdogo, chini ya dirisha, na ule mkubwa pembeni yake hamruhusu mtu. Karani humwamkia.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Msasa alipima kwa tepu, hatua kwa hatua, kutoka dirisha hadi dirisha. Akafungua daftari la vitu, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la tano: mita mia tatu na themanini kasoro kidogo. Akahamia safu ya hali, ambako miaka yote aliandika "iko sawa". Kisha akaandika: "Amekaa mtu."